Aliyeshika Kamba Baada Yangu

Niliacha kazi ya pantoni ya Garsen kwa sababu ya matusi. Mshahara ulinitosha na mwili ulikuwa mzima. Nilichoka kutukanwa, basi.

Miaka ile ya hamsini daraja halikuwapo. Pantoni ilikuwa jukwaa la mbao, nasi wanaume sita tuliivuta kwa kamba nene iliyofungwa kingo zote mbili za mto Tana. Mimi nilishika kamba ya mbele, na aliyeshika kamba ya mbele ndiye aliyesema twende au tungoje. Kuvuta hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kusema tungoje.

Ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa kwetu, hawakupanda pantoni, waliogelea. Lakini ng'ombe mwenye ndama haingii mto uliojaa hivi hivi tu. Kwa hiyo ndama walivushwa kwanza juu ya pantoni, na walipoanza kulia ng'ambo, mama zao waliingia majini wenyewe kuwafuata. Sharti lilikuwa moja: mama wazuiwe nyuma ya boma la miiba mpaka pantoni iguse ukingo wa pili. Wakiachiwa mapema wataifikia katikati ya mto, waiparamie, waibane kamba kwa shingo zao, na pantoni ilale upande.

Basi kila mto ulipojaa nilisimama mbele ya ndama nimetandaza mikono. "Bado. Rudisheni mama nyuma ya miiba."

"Wewe mtu ya ndizi," mchungaji mmoja mrefu aliniambia kila safari, "ng'ombe yako iko wapi? Onyesha mimi. Kama hakuna ng'ombe, funga mdomo."

Nyuma yake kulikuwa na malori, na mbele ya malori yote kulikuwa na dereva mmoja wa Mombasa aliyelala juu ya honi. "Wee baharia wa matope! Maembe yangu yataiva mpaka kokwa! Wewe umeolewa na huu mto?"

Na watu wangu, wakulima wa kando ya mto, wakipita na majembe yao, walinicheka kwamba nimekuwa yaya wa ndama wa watu. Hakuna upande ulionipenda. Miaka minne. Mwishowe nilikuwa nikikaa kula, tonge mkononi, bado nikiwajibu watu ambao hawakuwapo.

Nikaamua kwenda kuitazama Mombasa, na nikijaliwa, Tanga na Unguja. Nyapara hakunizuia. Alisema, "Ukitaka kwenda, lete mtu. Na kabla ya kwenda una siku mbili za kumfundisha."

Nilimleta mdogo wangu.

Ndugu yangu alikuwa na mabega mapana kuliko yangu. Lakini hakujua kukataa. Aliwahi kuombwa jembe katikati ya kulima, akalitoa, akaendelea kung'oa majani kwa mikono mpaka jioni. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi nilijua kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya wachungaji ishirini na honi tano akasema bado. Nilijua. Sitaandika hapa kwamba sikujua.

Siku ya kwanza asubuhi nilimwonyesha namna ya kushika kamba na mahali pa kuweka mguu. Kisha nikaenda kwa fundi cherehani, maana suruali yangu ya safari ilikuwa haijakwisha. Nilikaa pale siku nzima. Siku ya pili nilirudi huko huko, kwa kuwa miguu ya suruali ilikuwa mirefu. Kuhusu ng'ombe nilimwambia maneno machache njiani: "Wakikuharakisha, usikubali."

Akacheka. "Wewe ulikuwa mkali sana nao, kaka."

Mama aliniuliza jikoni, "Umemfundisha?"

Nikasema, "Ndiyo."

Niliondoka kwa lori la yule yule dereva wa honi. Njia nzima alinichekea. "Leo baharia anayakimbia maji!"

Mombasa nilifikia mtaa wa Majengo, kwa mtu wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Juma la kwanza nilitembea mpaka viatu vikalalamika. Nilifurahi kupita katikati ya watu bila kuitwa jina baya. Juma la pili nikagundua kwamba hakuna aliyeniita jina lolote. Nikawa nakwenda Likoni kila siku kutazama feri ya injini. Nilisimama pale kama mjinga, nikiona malori yanapakiwa vibaya, na midomo yangu ikisema "bado" peke yake. Hakuna aliyenisikia, na feri ilivuka salama bila mimi.

Juma la tatu nilifunga mzigo wangu kurudi. Nataka nieleze hili sawasawa. Sikutaka kurudi kwa ajili ya ndugu yangu. Nilitaka kurudi kwa sababu nilikuwa si kitu pale mjini, na nilikumbuka wali wa mama na samaki wa kwetu. Nilikwenda mpaka mahali malori yanapopakia. Lori la Garsen lilikuwepo, na nafasi ilikuwepo. Kisha nikamsikia yule mchungaji kichwani, nikawasikia wakulima: ameona Mombasa siku kumi na nane, ameshiba! Nikageuka na mzigo wangu begani, nikarudi Majengo.

Nilikaa majuma mawili mengine, kwa kiburi tu. Sikufurahi hata siku moja. Katika majuma hayo mvua za bara ziliteremka, Tana ikajaa.

Dereva wa honi ndiye aliyenikuta, nje ya hoteli ya chai. Hakunitukana. Hapo nikajua.

"Panda lori," alisema.

"Kuna nini?"

"Ndugu yako. Walishamzika. Panda."

Tulipita Malindi ndipo akasema mengine. Wachungaji walikuwa na haraka, boma la miiba lilikuwa limechukuliwa na maji, ndugu yangu akawaomba warudishe mama wa ndama mbali. Walipomzomea, akawapisha. Ng'ombe waliifikia pantoni katikati ya mto. Kamba ilimpiga kifuani, ikamtupa majini. Walimpata siku ya tatu, karibu na kijiji cha Wema.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Ukingoni."

"Ulipiga honi?"

Akatazama njia. "Nilipiga. Wote tulipiga. Usinitumbulie macho hivyo. Mimi kazi yangu honi. Wewe ndiye uliyemweka pale."

"Simamisha nishuke."

"Shuka. Utembee na hiyo suruali yako mpaka kwenu."

Sikushuka.

Nyumbani matanga yalikuwa yamekwisha, lakini wanawake wachache walikuwa bado wamekaa na mama. Nilipoingia wakanipisha. Mama aliniangalia kuanzia miguuni. Alifika magotini, akaishia hapo.

"Fundi ameishona vizuri," alisema.

Hakusema neno jingine na mimi kwa miezi mingi.

Nyapara aliniambia kamba ya mbele iko wazi, nikaishika. Shamba la mama lilikuwa ng'ambo, na siku zote alikuwa akivuka kwa pantoni. Sasa alipanda kidogo upande wa juu wa mto, akavushwa kwa mtumbwi na mzee mmoja mvuvi. Kila asubuhi alipita karibu na gati letu, jembe begani, na kila asubuhi wavutaji wenzangu waligeuza nyuso. Mtumbwi ule ulikuwa unavuja. Nilimwona akikumba maji kwa kibuyu, katika mto wenye mamba, ili tu asikanyage mbao ninazozivuta mimi.

Yule mchungaji mrefu alinijia mara moja. "Ng'ombe yangu tisa imekufa pia," alisema. Labda alitaka kunipa pole. Nilimtemea mate mbele ya miguu. Dereva naye nilimngojesha ukingoni nusu siku, hakuna ng'ombe, hakuna maji mengi, hakuna sababu. Alipiga honi mpaka ikapoteza sauti. Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata.

Mafuriko mengine yalipokuja, mzee wa mtumbwi alikataa kuushusha majini. Mama alikuja gatini na jembe na kikapu chake. Alisimama kando, kanga ameivuta mpaka machoni. Ndama walikuwa wamejaa mbele yangu, mama zao wakiwasukuma kwa nyuma, wachungaji wakipiga kelele, malori manne yakipiga honi.

Nikatandaza mikono. "Bado."

"Wewe ulikataa jana, unakataa leo," alisema yule mrefu. "Mimi nitavuka mwaka gani?"

"Rudisha mama nyuma ya miiba."

"Miiba iko wapi? Maji imekula!"

"Kateni mingine. Mimi nipo."

"Baharia!" dereva alipaza sauti. "Ndugu yako alikuwa mtu kuliko wewe!"

"Alikuwa," nilisema. "Kateni miiba."

Walinitukana mimi, wakamtukana baba yangu aliyekufa, na mwisho wakamtukana mama bila kujua kwamba amesimama pale. Sikuishusha mikono mpaka ikafa ganzi. Walikwenda kukata miiba. Jua lilikuwa limefika utosini boma lilipofungwa na ng'ombe wa mwisho akawa nyuma yake.

Ndama wakapanda. Mama alikuja akasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Ungemfundisha hivyo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na siku mbili."

"Nilikuwa nazo."

Akapita. Akaketi katikati ya ndama, mgongo amenipa mimi, kikapu amekipakata. Nikaishika kamba, nikawaambia wenzangu twende.