Mia na Kumi kwa Sabini

Akina mama walimwita Nesi Chapuchapu, wala hakuwa na kinyongo. Yuko peke yake zahanati nzima, foleni ya wajawazito imefika getini, angefanyaje? Alipima tumbo, akachoma sindano, akatania kidogo, akaita anayefuata.

Mashine ya kupimia presha ilipoharibika, alipiga simu wilayani mara mbili. Akaambiwa avute subira. Lakini wakaguzi hawakupenda kuona nafasi tupu kwenye kadi, basi akaanza kujaza mwenyewe: mia na kumi kwa sabini. Ikapita wiki, ikapita miezi minne. Mkono ukazoea.

Siku moja ya kliniki akaja wifi yake, mke wa kaka yake, mimba ya miezi minane. Miguu ilivimba hadi viatu vikamkataa. Alikuwa kavaa ndala za mumewe.

"Wifi, kichwa kinanigonga tangu juzi. Na macho yana ukungu."

"Ni jua tu hilo, wifi yangu. Kunywa maji, upumzike. Huyo kaka yangu naye asikutumetume."

Wakacheka. Akaandika mia na kumi kwa sabini.

Kesho yake asubuhi wifi alianguka jikoni, mwili umemkakamaa. Kifafa cha mimba. Hospitali kubwa walimwokoa yeye. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshakufa tumboni. Daktari akaitazama kadi, akakunja uso. "Presha ilikuwa nzuri hivi jana tu?"

Kaka mtu akamgeukia dada yake, nesi, aliyekuwa amewafuata hospitali, palepale koridoni. "Si ulimpima wewe?"

Angeweza kuitikia. Maandishi yalikuwepo.

"Sikumpima, kaka. Mashine ni mbovu. Niliandika tu."

Kaka hakugomba. Aliipokea kadi, akaitazama safu nzima ya namba zilezile, kisha akaenda kukaa na mkewe.

Jumatatu nesi alipeleka barua ya kukiri wilayani, na kwenye kila kadi akaanza kuandika: haikupimwa. Akapewa onyo kali. Baada ya wiki tatu, mashine mpya ikaletwa. Wiki tatu tu! Aliipakata ikiwa bado kwenye boksi, akalia mpaka akina mama wakaingia kumwangalia.

Sasa wifi ana mimba tena. Kliniki yake iko ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na njia inapita mbele ya zahanati. Husalimiana vizuri tu.

"Wamekupima presha?"

"Wamenipima, wifi," hujibu mwenzake, bila kusimama.