Giza Tulilolilipia

Tarehe mosi Juni, mwaka wa 1985, nyumba yetu kule Marereni ilipoteza giza. Nasema ilipoteza kwa sababu hakuna aliyeliiba, wala sisi hatukuliaga. Mafundi wa kampuni ya chumvi walikuja asubuhi na nyaya zao, wakatoboa ukuta, wakatundika balbu moja katikati ya chumba, na kufikia jioni tukawa watu wa stima.

Enzi zetu, na wa rika langu mtanielewa, mwanga ulinunuliwa kwa chupa. Mama alinipa sarafu na chupa ya soda, nikaenda dukani kupimiwa mafuta ya taa. Mwenye duka aliteka kwa kopo lenye mkono mrefu, na tone la mwisho alilingoja lidondoke kwa kuwa aliniona nalitazama. Mafuta yalitiwa kwenye koroboi, na koroboi ilitujaza masizi, hata mwalimu akawa anasema watoto wa nyumba za kampuni anawajua kwa makamasi meusi. Mafuta yakiisha, mwanga umekwisha, na hakuna aliyegomba. Tulijikusanya mkekani na Hawe, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba, akaanza hadithi. Kwao Marafa hadithi haikusimuliwa kwenye mwanga. Ukisimulia kwenye mwanga, alisema, mifugo hupotea njia. Kwa hiyo sisi watoto tuliomba mafuta yaishe upesi. Mara nyingine, nakiri, niliyamwaga kidogo njiani.

Stima ilikuja na utaratibu wake. Hapakuwa tena na chupa wala safari ya dukani. Kampuni ilimkata baba kila mwisho wa mwezi, kiasi kile kile, uwashe usiwashe. Baba alikuwa mkwangua chumvi mabwawani na hakupenda kupunjwa. Aliitazama karatasi yake ya mshahara kwa muda mrefu, akasema, "Nikizima, nawapa wao." Tangu siku hiyo balbu haikuzimwa. Swichi aliifunga kwa kamba ya gunia ili asitokee mtu wa kujisahau.

Kisha akaona kwamba balbu kuwaka peke yake, hakuna anayeitumia, ni hasara vilevile. Kazini kwake watu waliingia kwa zamu, basi naye akatupangia zamu. Mama alishika asubuhi, akichambua mchicha chini ya balbu na huku jua limejaa mlangoni. Mimi nilishika nikitoka shule, na kaka yangu Kahindi akanipokea. Zamu ya baba ilikuwa baada ya chakula cha jioni. Alikaa kwenye kigoda akiikodolea macho balbu kama mtu anayelinda ng'ombe wa wenyewe, mpaka usingizi umwangushe. Ukitaka kwenda chooni, ulimwita mwingine akushikie. Majirani walikuja kutucheka, na baba aliwakaribisha kwa moyo wote, kwani kila mgeni aliongeza watumiaji.

Wa kwanza kuharibikiwa alikuwa jogoo wetu, aliyelala ndani, karibu na mlango. Hakujua tena alfajiri iko wapi. Aliwika tukila, akawika tukisali, akawika saa tatu usiku na saa tano. Siku moja wanaume sita wa jirani waliamka kwa sauti yake, wakaenda mabwawani na zana zao, na mlinzi akawauliza wanamfuata nani saa hizo. Hawe aliposikia alisema kwa upole, "Si niliwaambia? Na hapo hata sijasimulia."

Maana hadithi zilikuwa zimekoma. Kila jioni Hawe alikaa chini ya balbu, mikono mapajani, kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Tulimsihi, akakataa. Baada ya majuma kadhaa akamwambia baba kwamba atarudi Marafa. Hakuwa na ugomvi na mtu, alisema. Chakula kilikuwa kizuri, na mkamwana wake hakumkosea. Ila amezeeka, na hawezi kuizoea nyumba isiyo na jioni.

Baba alishtuka, maana ndugu zake wote walikuwa wametangulia, na yeye ndiye mtoto pekee aliyembakia mama yake. Jioni ile alituketisha mkekani, akatufunika sote kwa leso za mama, Hawe akiwa katikati, akasema, "Mama, giza hili hapa. Simulia." Chini ya leso kulikuwa na mwanga mwekundu, ua moja kubwa la leso lilikaa juu ya pua ya Kahindi, naye akaanza kucheka. Hawe akajifunua. "Mwanangu," alisema, "hili ni joto, si giza."

Kesho yake baba alikwenda ofisini kuomba asikatwe tena na balbu iondolewe. Karani alimweleza kwamba nyumba zote zinakatwa. Baba akaomba basi akatwe kwa asubuhi tu, jioni waiache. Karani, kijana mwenye adabu, alifungua kabati, akapekua, akasema anasikitika, ofisi haina fomu ya giza. Baba aliporudi na habari hiyo, mama alimuuliza kwa nini asizime tu mwenyewe.

"Nizime, na bado wanikate?" baba alisema. "Nilipie giza? Giza ambalo Mungu analigawa bure?"

Jioni ya mwisho kabla Hawe hajaondoka, zamu ilikuwa yangu. Baba hakuwa amerudi, na mama alikuwa nje na Kahindi. Hawe aliniita karibu, akaniambia, "Mjukuu wangu, fungua hiyo kamba kidogo tu. Nina moja nataka nikuachie."

Ningependa kuandika kwamba nilimwogopa baba. Nilimwogopa, lakini si hivyo tu. Nilikuwa nasoma kitabu, na nilikuwa nimeshaupenda ule mwanga. Shuleni nilijivuna nao. Nilimwambia kamba imekaza. Haikuwa imekaza.

Asubuhi Hawe aliondoka kwa basi, jogoo akiwa amembeba kwapani, akisema kiumbe huyu akajifunze upya. Hakurudi. Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua.

Sasa nakaa Malindi, na stima tunainunua kwa simu kabla hatujaiwasha. Unabonyeza namba ndefu kwenye mita, unapata ulicholipia, kikiisha kimekwisha. Nikiangalia vizuri ni ile ile chupa ya soda, ila hakuna tone la kungoja. Zikiisha tokeni, vijana wangu hupiga kelele utadhani nyoka kaingia. Kila mmoja anawasha tochi ya simu na kummulika mwenzake usoni kumuuliza nani anunue. Sisi tulitembea gizani mpaka chooni na kurudi bila kumwagia mtu maji; hawa hawawezi kuliona sikio lao bila tochi. Siku moja niliwaambia waache, tukae hivyo hivyo. Wakaniuliza tukae tufanye nini. Hadithi za Hawe zimenitoka karibu zote, na ile ambayo ningeishika niliikataa.

Baba naye tumemzika mwezi uliopita. Katika yote aliyoyafanya, linalonijia mara kwa mara ni jioni tuliyorudi kutoka Marafa kumzika mama yake. Balbu ilikuwa imewaka siku zote za matanga bila mtu wa zamu. Baba aliikata kamba kwa kisu, akazima. Hatukuwa tumeona giza mle ndani kwa mwaka mzima, tukagongana vichwa tukiutafuta mkeka. Tulipokwisha kukaa, akasema, "Paukwa." Tukajibu, "Pakawa."

Lakini hadithi hakujua hata moja. Basi akaanza kutusimulia jinsi chumvi inavyopatikana. Maji ya bahari yanavutwa na pampu, yanatulia bwawa la kwanza, yanahamishiwa la pili, yanahamishiwa la tatu, na jua linayala. Kila alipovuta pumzi tuliitikia. Alipofika kwenye kushona magunia Kahindi alikuwa amelala, na mama akauliza kwa sauti ya chini chumvi hiyo baadaye huenda wapi. Baba akasema hajui, yeye huishia kwenye magunia.