Nilivyorudi Nyambunda Kumnyoa Mjukuu Wangu

Wenzangu wa Nyamwage, mliniuliza kwa nini nilifunga kibanda siku nne bila kuaga. Nawaandikia, maana kusimulia kwa mdomo huku chai inachemka na wateja wanadai chapati sitamaliza. Nilikwenda kwetu Nyambunda, ndani kabisa ya delta. Ni kijiji nilichofukuzwa miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya kunyolewa kichwa kwa kuitwa mchawi.

Wengi wenu hamkulijua hilo. Sasa jueni, na majina yao jueni pia. Aliyesema mchawi ni mie ni Salumu Ngwande, mdogo wa mume wangu, baada ya kufiwa na mtoto wake Rashidi. Aliyenishika miguu ni Tatu Mpili, jirani yangu, mtu niliyekuwa naazimana naye mchi na kinu. Aliyenyoa ni mganga Ligomba, mtu wa kuja, ameshajifia huko alikotoka. Na aliyesimama mlangoni mikono kifuani, asiseme neno, ni Seifu Ngwande, mume wangu mwenyewe. Seifu naye ni marehemu, lakini sitaliruka jina lake kwa sababu ya sanda. Walininyoa kavu, bila tone la maji, mwanangu Mwanahawa wa miaka tisa akiangalia. Siku hiyo hiyo nikapandishwa mtumbwi, na talaka yangu ikanifuata kwa mdomo wa mpiga kasia.

Mwanahawa alibaki kwa bibi yake mzaa baba, akakulia huko, akaolewa huko. Kuonana tulionana Kibiti, mara moja moja. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Mama, mtoto anatimiza arobaini Jumamosi ijayo. Nataka umnyoe weye."

"Mie? Huko?"

"Huku huku."

"Mwanahawa, una akili timamu kweli?"

"Usipomnyoa weye, atakaa na nywele za tumboni mpaka aoe."

Mnajua mila ya kwetu. Kichanga akifika siku arobaini hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na anayenyoa hachaguliwi ovyo. Hutafutwa mtu mwenye mkono mwema, kwa sababu mtoto hufuata mkono uliomnyoa. Sasa mkono unaotakiwa ni wa mie niliyeambiwa nimekula mtoto wa shemeji yangu, na nikanyoe pale pale waliponinyoa. Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu nikajiambia, nikikataa nitakuwa nimewaachia na mjukuu pia. Nyumba waliichukua, mume walibaki naye, ingawa huyo hakuwa hasara. Mjukuu hapana.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, nilisimama barabarani Nyamwage na mkoba mmoja. Basi lililotoka Lindi likanichukua. Tulipofika kwenye daraja la Rufiji kulikuwa kumeshakucha, na mto ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda huko huko nilikokuwa nakwenda. Nimelivuka daraja hilo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nageuza uso upande wa juu wa mto, nisitazame upande wa chini. Safari hii nilitazama.

Ikwiriri hatukukaa. Kibiti tulifika saa mbili asubuhi, nikashuka kununua vitu vya arobaini. Niliingia duka la mama mmoja wa Kihindi, kazaliwa hapo hapo Kibiti na Kimrima chake kimenyooka kuliko changu. Nikataka wembe, mafuta ya nazi na kitambaa cheupe.

"Wembe wa nini?" akaniuliza.

"Wa kichanga."

Akaurudisha niliouchagua, akanipa mwingine. "Huo wa kunyolea ndevu za wazee. Chukua huu." Kisha akaniangalia mikono. "Mbona unatetemeka hivyo? Nani ananyoa?"

"Mie."

"Basi nenda kanywe chai kwanza, mama, umwonee huruma mtoto wa watu."

Nikaenda nikanywa chai, vikombe viwili. Mkono ukaendelea kutetemeka.

Kutoka Kibiti nikapanda gari mpaka Bungu, na kutoka Bungu bodaboda mpaka Nyamisati. Barabara ile ni vumbi na mikorosho, mikorosho na vumbi. Muda wote nilikuwa napanga maneno. Niseme ukweli, nilikuwa na hotuba. Niliitunga miaka kumi na miwili, juu ya jiko, nikisukuma chapati, na ilikuwa na mpangilio: kwanza Salumu, kisha Tatu, kisha marehemu Seifu, mwisho Ligomba. Kila mmoja na tusi lake. Tusi la Tatu ndilo lililokuwa tamu zaidi, nilikuwa nalibadilisha kila mwaka.

Saa saba mchana nilikuwa ufukweni Nyamisati. Boti ilikuwapo lakini maji hayakuwapo, yalikuwa yamekupwa, boti imekaa juu ya tope. Tukangoja. Nahodha alikuwa Kombo, mtu wa kwetu, namkumbuka akiwa kijana wa kukata boriti mikokoni. Alinikazia macho muda mrefu.

"Dada, weye si Zaituni wa Seifu?"

"Zaituni binti Mohamedi. Seifu tulishaachana."

"Kumbe uko hai. Sisi tuliambiwa umegeuka fisi huko Nyamwage."

"Fisi anauza chapati?"

"Ndo nikawaambia, fisi gani huyo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Dada yangu, siku ile mie nilikuwapo. Nilisimama nyuma."

"Najua. Jina lako sikuliweka kwenye orodha, lakini nilikuona."

Maji yalipojaa alinishika mkono kunipandisha, akaniwekea gunia nikalie, na nauli nilipomkunjulia akakunja ngumi asiipokee. Sikumlazimisha. Kila mtu ana namna yake.

Tulipita mikokoni saa mbili nzima. Mto unagawanyika, unagawanyika tena, mpaka mgeni hajui upi mto na upi mkono wa bahari. Mie nilijua. Kila kona nilikuwa naitaja kabla haijafika: hapa tulikuwa tunavua kamba kwa wavu wa tandilo, hapa mwanamke wa Salale alijifungulia mtumbwini, hapa maji yana kina. Nilishangaa. Nilidhani siku ile ya kufukuzwa ndiyo peke yake niliyobaki nayo kuhusu kwetu. Kumbe chini yake kulikuwa na vitu vyangu vingine vingi, vizima, vimekaa tu.

Alasiri tukafika Nyambunda. Nikashuka, nikakanyaga tope. Bi Mwanaidi, mamamkwe wa Mwanahawa, alikuwa amesimama gatini ananisubiri. Akaingia majini na kanga zake, akachukua mkoba wangu akaujitwika.

"Karibu mkwe wangu. Twende, ubwabwa unapoa."

"Watu wanasemaje, mkwe?"

"Wanasema. Watu kazi yao nini?"

Tukapita katikati ya kijiji. Waliosalimu walisalimu. Mlango mmoja ulifungwa tunapita, na sikuhitaji kuambiwa ni wa nani, ni wa Tatu Mpili. Nyumba ya Seifu haipo tena, mafuriko yaliichukua. Pamebaki mgomba mmoja na mashimo ya nguzo. Nilitegemea nitaanguka nikipaona. Sikuanguka, niliona njaa.

Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye dungu lake shambani, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Nilipanda ngazi, naye akanipa mtoto. Jina lake Yusufu. Nywele zake nyingi, nyeusi, zimelala kama amepakwa maji. Nikakaa naye mpaka magharibi. Ijumaa nzima pia nilikaa naye, na watu wachache walikuja, na wengi hawakuja.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mikeka ilitandikwa uani kwa Bi Mwanaidi. Ubani ukafukizwa, mwalimu wa chuo akasoma dua. Wanaume upande wa barazani, wanawake upande wa jikoni. Salumu Ngwande alikuwapo. Amezeeka vibaya, shingo imekuwa nyembamba. Tatu Mpili alikaa mbele kabisa, kama alivyokaa siku ile.

Nikaketi, nikanyoosha miguu, Mwanahawa akaniwekea mtoto mapajani. Bi Mwanaidi akaleta bakuli la maji. Nikafungua wembe. Ndipo Tatu aliposema. Hakupaza sauti, lakini ua mzima ulisikia.

"Jamani, mkono ule unyoe kichanga?"

Mwalimu akakatisha dua. Hamisi, baba wa mtoto, akataka kuinuka, mama yake akamvuta kanzu akakaa. Watu wote wakanigeukia. Na ile hotuba yangu ya miaka kumi na miwili, na mpangilio wake na matusi yake, sikuiona ilipokwenda. Kilichotoka sikukipanga.

"Tatu, weye ulinishika miguu. Salumu, weye ndiye uliyenitaja. Marehemu Seifu alisimama mlangoni, Ligomba akanyoa. Sasa nauliza, mlininyoa ili nini?"

Tatu akakaza kanga yake kifuani.

"Si mlisema aliyenyolewa uchawi unamtoka, anakuwa safi? Hayo ni maneno yenu, si yangu. Basi chagueni. Kama dawa yenu ilifanya kazi, hapa uani hakuna msafi kuliko mie, maana nyie wengine hamjanyolewa. Kama haikufanya kazi, mlininyoa bure, na mniambie hivyo mbele ya watu."

Bibi mmoja nyuma akasema, "Hapo pamebana." Mtu akakohoa, akijizuia kucheka.

Tatu akamtazama Salumu. Salumu akatazama mkeka. Tatu alipoona hapati msaada akasema haraka haraka, "Dawa ilifanya kazi."

"Basi msafi nani?"

"Si umeshasema mwenyewe."

"Nataka nisikie kwako."

"Weye," akasema. "Weye ndo msafi."

"Haya, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Ua mzima ukacheka. Hata mwalimu alijificha nyuma ya kitabu. Nikachovya vidole majini, nikamlowanisha Yusufu kichwa taratibu, kila upande, kwa sababu mie najua kunyolewa kavu kunavyouma. Utosi wake ulikuwa unapiga chini ya kidole changu. Nikaanzia upande wa kulia. Mkono haukutetemeka. Sijui uliacha saa ngapi. Hakulia, alinitazama tu, na nilipomaliza kisogo Bi Mwanaidi alipiga kigelegele cha kwanza, wanawake wakakipokea mpaka kunguru wakaruka mnazini.

Nilikuwa nampaka mafuta alipokuja Rukia, mke wa mtoto wa Salumu. Namjua kwa sura tu. Amebeba kichanga wa miezi miwili, hajanyolewa, walikuwa wanamsubiri baba yake arudi kutoka Mafia.

"Mama, na huyu mnyoe."

Salumu akainuka barazani. "Rukia."

"Baba, si mmesema yeye ndo msafi? Au mmesema uongo?"

Akamweka mapajani kwangu, mjukuu wa Salumu Ngwande, mtoto wa kike mwenye hasira, analia, anarusha miguu. Kila aliyejaribu kumtuliza hakuweza. Akanyamaza aliposikia sauti ya babu yake tu, kwa hiyo ilibidi Salumu aje apige magoti mbele yangu, ashike bakuli, amsemeshe mtoto huku nanyoa. Nilikuwa nyuma ya sikio la kushoto aliposema, kwa sauti ndogo, lakini Rukia na Tatu walisikia.

"Shemeji. Rashidi alikuwa na homa. Niliambiwa nimpeleke Kibiti, nikachelewa. Nilijua ni homa."

"Najua kwamba ulijua," nikamwambia. "Shika bakuli vizuri, maji yanamwagika."

Akalishika kwa mikono miwili, machozi yanamdondoka humo humo bakulini. Nami nikamaliza kunyoa.

Jumapili maji yalijaa mapema, Kombo akanivusha. Nyamisati, Bungu, Kibiti, daraja, na kabla ya magharibi nilikuwa kwenu Nyamwage nimekaa.

Sasa mtaniuliza nimejifunza nini huko. Nimesoma mpaka darasa la nne, sina maneno makubwa. Miaka yote nilikuwa nangoja Salumu aseme lile neno. Nilidhani akilisema nitaruka, au nitalia, au nitamrushia kitu. Amelisema, na mie nilikuwa nashughulika na sikio la mtoto nisilikate. Hapo ndipo nilipojua hasira ilikuwa imeshanitoka mapema, pengine mkono ulipotulia. Msinielewe vibaya, majina yao bado nayajua na nimeyaandika hapa juu. Kuyajua nayajua. Kuyabeba nimechoka, nimeyaacha uani kwao, wayafagie wenyewe.

Jumatatu asubuhi nimewasha jiko, Mama Shabani wa mihogo akawa wa kwanza kufika.

"Umerudi. Ulikuwa wapi siku zote hizo?"

"Nimenyoa wajukuu wawili."

"Wawili? Si ulisema Mwanahawa ana mmoja?"

"Mmoja wa Mwanahawa," nikamwambia. "Wa pili wa Salumu."