Moshi wa Tanuri Langu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Kibaoni, nikiwa kijana mwenye mke, mtoto mmoja wa miaka miwili, na kiburi cha mtu anayekaribia kujenga. Tofali nilikuwa nimezifyatua kwa mikono yangu, nikapanga tanuri lililonizidi urefu, nikalijaza pumba za mpunga. Unajua, mwanangu, pumba kwetu Ifakara hazina mwenyewe. Wenye mashine za kukoboa hushukuru ukiwapunguzia lundo. Huungua polepole siku nyingi, na moshi wake ni mzito, haupendi kupaa.

Jirani yangu alikuwa Bibi Federika, mjane msuka mikeka, ambaye kifua kilimsumbua tangu zamani. Aliponiona napanga tofali karibu na ua wake, alikuja kuniomba nisogeze tanuri upande wa mashamba, kwa kuwa upepo wa asubuhi hupita kwangu ukaingia kwake. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamwambia nimekuelewa, bibi, tutaangalia. Sikuangalia chochote. Kuzibeba tena tofali zile niliona taabu. Nikawasha.

Sasa sikia upumbavu wangu. Mke wangu, Anjela, alikuwa amehamia shambani ng'ambo ya mto kuvuna, kama tufanyavyo wengi msimu ukifika. Mtoto wetu, Skola, alibaki na mimi. Kwa kuogopa moshi usimdhuru pale tanurini, kila asubuhi nilimpeleka kwa Bibi Federika amwangalie. Nilijiona baba mwangalifu kweli. Kumbe nilikuwa nampeleka kulekule nilikoupeleka moshi.

Siku ya tatu bibi akaniita. Nilimkuta Skola anahema mbiombio, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa khanga mbili, na bado chumba kizima kilinuka pumba. Bibi mwenyewe alikuwa ameshika ukuta, anakohoa. Nikamfunga mtoto kifuani, nikakanyaga baiskeli hadi hospitali. Muuguzi aliuliza nyumbani tunachoma nini. Nikasema tofali. Hakunigombeza, aliandika tu, nami niliona aibu kuliko kama angenigombeza.

Alasiri mtoto akapata nafuu. Nikamwacha na dada yangu wodini, nikarudi kumpa bibi habari. Nikaanza na shikamoo. Hakuitikia. Wewe umekulia hapa, unajua shikamoo isiyoitikiwa inavyouma.

"Filbert," akasema, "shikamoo zako nimezichoka. Mdomo unaniheshimu, halafu unanifukiza kama samaki. Mimi heshima ninayoitaka ni kupumua."

Tanuri lililoshika moto halizimwi ovyo, maana ukilizima umezipoteza tofali. Hilo nililijua. Nikachukua koleo na ndoo, nikafukua pumba na kuzimwagia maji mpaka jua likazama. Nusu ya tofali zilitoka mbichi, na masika yakazirudisha kuwa udongo. Tuliishi kwenye nyumba ya miti miaka miwili zaidi. Anjela hakunilaumu hata siku moja, na sijui kama mimi ningeweza kujizuia hivyo.

Asubuhi iliyofuata, khanga hazikuwapo dirishani. Nikamwamkia bibi kupitia pale palepale, akaitikia marahaba.

Skola alipona, leo ni mama wa watoto watatu. Lakini kikohozi cha bibi kilizidi na hakikurudi kama kilivyokuwa. Nilikisikia kanisani kila Jumapili, viti viwili nyuma yangu, mpaka tulipomzika. Kifua chake hakikuharibiwa na mimi peke yangu, ila niliongezea. Najuta mpaka leo.

Nimekusimulia kwa sababu jana niliona umepanga tofali zako. Na nyuma ya mashine naona malundo ya pumba yanafuka wiki nzima, mashambani mabua ya mpunga yanachomwa, uani tunawasha plastiki pamoja na majani. Kila mtu anasema moshi wake ni mdogo. Asubuhi za baridi moshi huo wote hulala humu bondeni, hapa chini ya milima, na wa kwanza kuuvuta ni vichanga na wazee wasioweza kwenda popote.

Basi mwanangu, kabla hujawasha kiberiti, simama uone upepo unaelekea wapi, kisha umtaje kwa jina anayeishi huko. Ukishamtaja, mguu wenyewe utakuwa mwepesi kusogeza tanuri. Pumba usizozihitaji zipeleke shambani zioze, na plastiki usiitie moto kabisa. Na mzee akija kukuomba jambo kama lile, usimjibu tutaangalia. Anza kubeba tofali naye akiwa bado amesimama hapo.

Mungu akusimamishie nyumba imara, awape wanao vifua vyenye nguvu, na akujalie jirani atakayekuitikia marahaba dirisha lake likiwa wazi.