Kubebwa Hadi Nengo

Mimi sikuwa mtu wa baiskeli. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimerudi kutoka Goma na familia na magodoro, na chama cha waendesha kinga kilinichagua mwenyekiti kwa sababu moja tu: niliweza kusema Kifaransa mbele ya wakubwa wa komini, yaani serikali ya mji, bila kutetemeka. Kinga ndiyo baiskeli. Sisi tuliotoka upande wa pili wa mpaka tulikuja na neno hilo, na Gisenyi ikalizoea.

Mwaka ule mambo yalibadilika haraka. Usalama ulirudi, barabara ya Mahoko ikapitika kutwa nzima, na wanaume waliozoea kubeba viazi wakaanza kubeba watu. Komini ikataka kutufukuza kwenye lami. Nilikaa kwenye mabenchi ya ofisi zao mpaka suruali ikang'aa matakoni. Nikiambiwa nirudi kesho, nilirudi. Mwishowe tukakubaliana: kinga zibaki kwenye lami, lakini kila moja iwe na kipande cha bati chenye namba, na bati hilo litolewe na chama peke yake. Asiye nalo angerudishwa na askari. Wanachama walifurahi, na mimi pia nilifurahi, sikatai.

Kisha akaja mama wa sambaza. Alikuwa mjane aliyenunua samaki wale wadogo kwa wavuvi asubuhi na kuwapeleka soko la Mahoko. Mwanachama wetu mmoja ndiye aliyembebea, lakini bwana yule hakuondoka mpaka apate mzigo mwingine wa kujaza kinga, na sambaza hawasubiri. Wakifika Mahoko wamelegea, wanunuzi wanakunja pua. Basi akajifunza kuendesha baiskeli ya marehemu mume wake, akaja kwangu kuomba bati. Bila bati asingeweza kupita, na watoto wake hawakuwa na chakula kingine zaidi ya biashara ile.

Wakati ule mwanamke wa kwetu hakuendesha baiskeli, kama vile hakukamua ng'ombe wala kupanda juu ya paa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilipolipeleka ombi lake kwenye mkutano, makamu wangu alinijibu kwa upole, kama anazungumza na mgonjwa.

"Prezida, mwanamuke haendeshake kinga. Batu batatucheka."

Nikawaambia sheria zetu hazikusema mwanaume, zilisema mtu. Wakanong'onezana kidogo, kisha makamu akasema, "Bon. Afanye jaribio."

Jaribio lilikuwa desturi ya chama. Mwanachama mpya alimpakia wa zamani kwenye kiti cha nyuma, akampandisha kutoka ziwani hadi Nengo, juu kilimani, na aliyepakiwa ndiye aliyesema kama amefaulu. Nilirudi nyumbani nikidhani nimeshinda. Nilikuwa mjinga kabisa.

Jumamosi tulikusanyika pale chini ufukweni. Mama alisimama ameshika usukani, kitenge amekikaza juu ya suruali ya marehemu, anangoja. Hakuna aliyekaa nyuma. Mmoja goti lilimuuma, mwingine alitazama ziwa kama hajaliona tangu azaliwe. Kupakiwa na mwanamke mchana kweupe, katikati ya mji! Bila wa kupakiwa hakuna jaribio, na bila jaribio hakuna bati. Hawakuvunja sheria yetu hata moja. Walitabasamu tu.

Hasira zilinipanda. Nikaenda nikakaa mimi.

"Mwalimu, kamata chuma," aliniambia, "usinikamate mi."

Nilikuwa na uzito wa kutosha, na kilima kile hakimhurumii mtu. Wavuvi waliacha nyavu zao wakacheka mpaka wakakaa chini. Wauza sukari wa barabarani walipiga vigelegele, na sijui hadi leo kama walikuwa wanamsifu yeye au wananizomea mimi. Niliona aibu kweli, masikio yalinichoma. Mbele yangu mgongo wake ulilowa jasho, lakini hakushusha mguu hata mara moja. Tulipofika Nengo nikashuka, nikasema amefaulu, na siku hiyohiyo nikamfungia bati lake kwa waya. Tangu hapo sambaza wake walifika Mahoko wakiwa bado wagumu.

Mimi nikapewa jina la Muzigo. Walianza kwa utani, baadaye ikawa ndiyo salamu. Mwisho wa mwaka, kwenye uchaguzi, makamu alisema nimefanya kazi nzuri sana, lakini chama kinahitaji mutu ambaye akiingia sokoni batu habacheki. Wanaotaka nitoke wakaombwa kunyoosha mikono. Ilinyooshwa mingi, na kati yake niliuona wa mama wa sambaza, umenyooka vizuri. Iliniuma kuliko ile mingine yote.

Nilimkuta nje akipanga ndoo zake kwenye kinga. Hakukwepa macho yangu.

"Mwalimu, we uko na shule," alisema. "Mi niko na barabara. Pneu ya kinga ikipasuka kule juu, bao ba chama ndio banaweza kusimama, siyo we. Balikuwa bananipita tu. Jana balisema nichague, bao ao we."

"Na sasa watasimama?"

"Leo asubuhi balisimama."

Nilimwambia basi ilifaa anyooshe mikono yote miwili, nikaenda zangu nyumbani.