Mzunguko wa Mwisho wa Hirondelle

Lucien Houdayer, babu yangu mzaa mama, alikuwa fundi wa matrekta na malori ya maziwa nje kidogo ya Le Mans. Gari la mashindano aliliunda moja tu maishani. Aliliita Hirondelle, yaani mbayuwayu, kwa ajili ya mkia wake mrefu.

Bodi aliigonga mwenyewe, bati la alumini juu ya gogo. Upepo aliupima kwa sufi nyekundu ya bibi yangu, Yvonne. Walibandika vipande vya uzi gari zima, kisha babu akalikimbiza alfajiri kwenye barabara ya Tours, ile ile inayofungwa kila Juni iwe njia ya mashindano. Bibi alimfuata ubavuni kwa gari la jirani, akizitazama nyuzi. Zilipocheza ovyo, pale palirudishwa nyundoni. Ndivyo mkia ulivyorefuka.

Mara tatu Hirondelle liliingia mashindano ya saa ishirini na nne, na mara zote liliishia njiani. Bibi akasema mwaka wa nne ndio wa mwisho, karakana irudie matrekta yake. Majirani wakatumia tena likizo zao kuja kubadilisha matairi. Babu hakuota ushindi. Alitaka tu kazi ya watu hawa ifike mwisho, japo mara moja.

Jumapili alasiri, saa kumi, muda wa mashindano kuisha, ikikaribia, gari liliingia kituoni kwetu kando ya njia likiwa limebakiwa na gia ya pili pekee. Lilipowashwa tena, stata ilikohoa, ikashika kwa shida; haikuonekana kama ingeshika mara nyingine. Kanuni kila mtu kwetu anaijua: gari livuke mstari baada ya saa kumi kutimia, kwa injini yake, bila kusukumwa. Likivuka mapema, lazima lizunguke tena, na nguvu hiyo halikuwa nayo.

Dereva alikuwa Régis Chartrain, daktari wetu wa meno, mtu mwenye papara. Bibi akamwinamia dirishani.

"Daktari, umezoea kutuweka kwenye benchi na meno yanatuuma. Leo licheleweshe na gari hili."

"Na likinizimikia, mama?"

"Utarudi kwa miguu. Haya, nenda, mwanangu."

Likaondoka likijikokota. Magari mengine yalilipita kama limeegeshwa, na watazamaji wakacheka, mpaka walipoelewa linasubiri nini, hapo wakasimama. Babu hakuthubutu kutazama njia. Aliutazama uso wa bibi.

Bendera ikapepea kwa mshindi. Ndipo Hirondelle likatokea kwenye kona ya mwisho, linanguruma kwa gia ile moja, likavuka mstari, likazimika pale pale. La mwisho kati ya yote yaliyomaliza.

"Haya," babu akawaambia majirani, "sasa sukumeni."

Wakasukuma wote, bibi akiwemo. Babu alimshika mkono kila mmoja. Shukrani yenyewe ilikuja Jumatatu: alifungua karakana mapema, akaanza na trekta la jirani aliyebadilisha matairi, kisha la aliyefuata.