Dawa ya Kufupisha Maua

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na shahada ya elimu ya mimea, na kazi ya kumwagilia maua kwenye banda la vioo huko Lanham, ughaibuni. Nililala kwenye kochi la baba mdogo, ghorofa ya pili, Laurel. Hatukuwa ndugu wa damu. Alinikuta na sanduku langu kituo cha treni, akasikia Kiswahili changu, akanichukua, basi.

Wakati huo alikuwa na saratani ya tumbo. Dawa za hospitali zilimtapisha hata maji. Kilichomrudishia hamu ya kula kilikuwa bangi, ambayo rafiki yake alimletea kidogo kidogo. Akishavuta, nilisikia kijiko kikigonga sahani, na mama mdogo, mkewe, alizima redio jikoni ili asikie vizuri. Mlio ule bado ninao masikioni. Rafiki alipohama, baba mdogo akapanda miche mitatu kwenye ndoo, kibarazani.

Ikarefuka kupita ukingo wa kibaraza. "Jirani akiinua kichwa tu, tumekwisha," alisema mama mdogo. "Wewe si msomi wa majani? Yafupishe."

Bandani tulikuwa na dawa tuliyopulizia maua ya vyungu yasirefuke. Nikajaza chupa ndogo kutoka kwenye dumu lake, nikaja nayo. Miche ikasimama palepale, na ilipochanua maua yake yalishikana, magumu kama kokoto. Baba mdogo aliyabonyeza kwa kidole. "Shahada imelipa," akasema.

Tulikuwa tumeshayavuna na kuyaanika kabatini, siku niliposoma lebo ya dumu kule bandani. Iliandikwa kwamba dawa ile ni ya mimea ya mapambo tu, isipulizwe kwenye mmea wowote unaoliwa. Kuhusu moshi haikusema kitu, na hapo ndipo akili yangu ilipokosa breki. Ikichomwa inageuka nini? Inatoka kwenye ua baada ya siku ngapi, au haitoki? Angeanza kuvuta Jumamosi. Nikisema, namnyang'anya chakula. Nisiposema, huenda namlisha sumu kwa mkono wangu. Siku nne ndani ya basi nilifanya mazoezi ya sentensi moja.

Ijumaa nikaisema, hata viatu sijavua.

"Msomi mzima," alisema baba mdogo, "na dumu hukulisoma?"

"Sikulisoma, baba mdogo."

"Itaniua?"

"Sijui. Nilichokisoma hakisemi."

Aligeukia kabati. "Basi tupa."

Mama mdogo alitupa vyote, pamoja na udongo wa ndoo. Kisha akatundika khanga kwenye dirisha la sebuleni, akapanda mbegu nyingine nyuma yake. "Khanga tungeitundika tangu mwanzo," alisema, bila kunitazama.

Miezi ya kusubiri mbegu zile nilimpikia baba mdogo uji. Alikunywa vijiko viwili, akasukuma bakuli. Ndipo akaanzisha mchezo wake: chochote nilichomletea, hata chumvi, "soma kwanza." Nikasoma kwa sauti kopo la maziwa, chupa ya asali. Alicheka, na wakati nasoma mkono wake ulirudi kwenye kijiko. Nilipoligundua hilo, nikajifunza kusoma polepole.

Jioni moja nilimaliza pakiti nzima ya unga, mpaka anwani ya kiwanda.

"Geuza upande wa pili," alisema, akavuta bakuli karibu.